Mgeni wa Maskati

Tangu Bi Mgeni afanyiwe operesheni ya macho, kijiji cha Wambaa, Pemba, hakikupata raha. Miaka sita alikuwa haoni kitu; sasa anaona kila kitu, na kila anachokiona anakisema. Kaona ukuta wa jirani umepinda, kasema. Kaona mkwewe kanenepa, kasema. Kisha akamgeukia mjukuu wake Jaribu, aliyerudi kutoka chuo kikuu Unguja mwaka wa tatu bila ya cheti na bila ya maelezo, akamtazama juu mpaka chini kwa ile miwani myeusi aliyopewa hospitali.

"Kumbe mume wangu mbaya hivi!" akasema. "Wallahi nimeozeshwa kwa kuwa kipofu."

Bibi na mjukuu ni watani, na hawa wawili walitaniana kama wanalipwa. Jaribu kazi nyengine hakuwa nayo. Mwaka ule aliwaambia wazee wa barazani kwamba serikali imeweka kodi ya kete za bao, na wazee wakazificha kete zao chini ya vitanda wiki nzima. Kijiji kilimcheka, kikamlaani, kikamsamehe. Bi Mgeni ndiye aliyecheka kupita wote.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Mgeni halitii mzaha: mamaake. Jirani yake, Mwatum, alikwenda mjini Chake na wenzake wa kikundi cha kina mama, wakatembezwa makumbusho, akarudi mbio na khabari.

"Bi Mgeni, nimekuona ukutani!"

"Ukutani nafanya nini, yakhe?"

"Unachuma karafuu. Picha ya zamani, mwanamke yuko juu ya ngazi, uso wako mtupu. Chini wameandika: jina halijulikani."

Mamaake Bi Mgeni, Kazija binti Ngwali, alifariki mtoto ana miaka saba. Picha hakuacha. Waliomjua kwa sura wote wametangulia, kabaki Bi Mgeni peke yake duniani, na yeye alichobaki nacho ni kidole: kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kimepinda kama ndoana. Ndicho alichokuwa akikishika wakienda njiani.

"Nipeleke Chake, mume wangu," akamwambia Jaribu. "Macho nshapewa. Nikamtizame. Ikiwa ndiye, niwape jina lake waliandike. Mtu hakai ukutani bila ya jina kama mbuzi wa mnada."

"Basi twende tukatalii kabisa," Jaribu akasema. "Kutwa nzima."

"Kutalii ndio kufanya nini?"

"Kutizama vitu bila ya kununua."

"Ah! Basi mie mtalii tangu kuzaliwa."

Wakaenda Jumamosi. Chake si mbali, lakini wao Chake waliyoijua ni ya hospitali, ya mahakama, ya kununua sare za skuli ukarudi. Kwenda kuiangalia tu, kama wanavyofanya Wazungu, hilo hawajapata kulifanya. Bi Mgeni alivaa buibui lake la Idi, akajifukiza udi mpaka paka akapiga chafya, akatia na ile miwani.

Walianzia kiwanda cha mafuta ya makonyo. Kijana wa pale akawaeleza vipi vikonyo vya karafuu vinapikwa mpaka mafuta yakatoka, na wageni wanakuja toka Ulaya kunusa.

"Wanasafiri kuja kunusa makonyo?" Bi Mgeni akauliza. "Na mie miaka yote hiyo nayafagia uani nayatupa! Wambieni waje kwangu, watanusa mpaka waumwe na kichwa."

Wakaenda Tibirinzi, kwenye kiwanja cha sikukuu. Siku hiyo hakuna sikukuu, pembea zimelala. Bi Mgeni akatizama huku na huku, akakalia moja, akasema, "Nisukume, bwana, kabla watu hawajaja." Jaribu akamsukuma. Baadaye, alipokuwa akiikumbuka siku ile, alitamani ingeishia pale pale.

Mlangoni mwa makumbusho palikuwa na pande la mtu jina lake Nyange, na daftari kubwa mbele yake.

"Jina la mgeni?"

"Mgeni," Jaribu akajibu.

"Naona kuwa mgeni. Namuuliza jina."

"Ndilo hilo. Mgeni."

"Mgeni wa wapi?"

Hapo ndipo shetani wa mzaha alipomkalia Jaribu kooni. Alimtizama bibi yake: buibui linang'ara, udi unanukia mpaka barabarani, miwani myeusi, kimya kama bibi wa kifalme.

"Wa Maskati," akasema.

Nyange akasimama. Bi Mgeni akataka kufungua mdomo, Jaribu akamminya mkono na kumnong'oneza, "Kaa kimya, mke wangu. Leo weye Mwarabu, Mmanga wa Maskati." Mabega ya kizee yakatikisika. Alikuwa anacheka ndani kwa ndani.

Nyange alirudi na mkuu wake, Bwana Othman, mtu mzima, mpole, shati kalitia ndani ya suruali. Karibuni, marhaba, ahlan. Hakuna kulipa. Kiti kikaletwa, kahawa ikaletwa, tende zikaletwa.

"Bibi anasikia Kiswahili?"

"Hata neno," Jaribu akasema. "Alichukuliwa huku na wazee wake mdogo wa miaka minne. Mie ndiye mfasiri wake."

Kiarabu cha Jaribu chote kilitoka kwenye matangazo ya mpira. Lakini Bwana Othman Kiarabu chake kilikomea kwenye sala, basi hapakuwa na wa kumkamata mwenziwe. Wakipita penye chungu cha kale, Jaribu anamwambia bibi yake, kwa sauti nzito, kwamba mchezaji ameotea. Wakipita penye mlango wa nakshi, anampa penalti. Bi Mgeni anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyezaliwa kwenye kasri. Jaribu karibu apasuke.

"Kijana, umesoma wapi lugha hii?" Bwana Othman akauliza.

"Chuo kikuu."

"Mashaallah. Wageni wa Kiarabu wanazidi kila mwaka, na mie natafuta mtu wa kuwatembeza. Nafasi ipo tangu mwezi wa Ramadhani. Shahada unayo?"

"Inamaliziwa."

"Basi njoo Jumatatu na barua yako."

Jaribu aliona raha ya mzaha uliokolea, hakuona zaidi. Bi Mgeni alikuwa nyuma yao hatua mbili. Maneno yote yale aliyasikia.

Kisha wakafika kwenye picha.

Ngazi, mkarafuu, mwanamke na pakacha kiunoni. Anaangalia chini, kama kuna aliyemwita sasa hivi. Uso ni wa Bi Mgeni, hapo Mwatum hakusema uwongo. Mkono wa kushoto kashika tawi, na kidole kidogo kimejitenga na wenziwe, kimepinda.

Bi Mgeni akavua miwani.

"Picha hii inanikera," Bwana Othman akasema. "Imetoka kwenye kasha la zamani, miaka ya hamsini, haina jina. Mwezi ujao tunabandika vibao vipya, vya shaba, vya kudumu. Nimeuliza kila mzee anayepita hapa. Familia nyingi zilizokwenda Maskati zilikuwa na mashamba huku. Hebu muulize bibi. Huyu anamjua?"

Jaribu akamgeukia bibi yake. Alimwona mkono umenyanyuka wenyewe, kidole kinafuata kile cha kwenye picha, kinakaribia kioo. Alijua. Mbele yake palikuwa na sentensi moja tu, ya Kiswahili chepesi: bwana, nilikutanieni, huyu bibi yangu wa Wambaa na huyo mamaake. Ikamjia mpaka kwenye ulimi. Lakini Nyange kasimama pale na sinia la kahawa, na Bwana Othman anamtazama kwa heshima, na heshima hiyo Jaribu alikuwa hajaionja tangu arudi kutoka Unguja. Akasema neno la mpira, lolote lililomjia.

Bi Mgeni alimtazama mjukuu wake. Akamtazama Bwana Othman. Akaitazama picha, muda, muda mrefu. Akatikisa kichwa.

"Anasema hamjui," Jaribu akafasiri.

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea mpaka penye kivuli cha duka moja lililofungwa, Bi Mgeni akakaa kwenye ngazi zake, miwani ingali mkononi.

"Ndiye?" Jaribu akauliza.

"Ndiye." Akavuta pumzi. "Jumatatu utavaa shati gani? Usije ukaenda na hilo."

"Kwenda wapi?"

"Kazini, yakhe! Si kakwambia uende? Mie nilimsikia. Nikasema moyoni, nikifungua mdomo huyu mtoto kaumbuka, na kazi kaikosa. Mama yangu kashakufa, ataningoja. Mjukuu wangu mzima, na hana kazi."

Jaribu akakaa ngazi ya chini yake. "Bibi. Mie Kiarabu sikijui."

"Husemi kweli."

"Yalikuwa maneno ya mpira."

"Si ulikuwa chuo?" Sauti ilipanda. "Chuo kidogo hapa kwetu, cha Kurani, watoto wanafundishwa Kiarabu na fimbo juu yake. Chuo kikuu, miaka mitatu, hukutoka hata na Kiarabu?"

"Kule hawafundishi, bibi. Mie nilikuwa nasomea hesabu za biashara. Na hizo pia sikumaliza."

Bi Mgeni akaivaa tena miwani.

"Sasa mie," akasema, "nilinyamazia nini?"

Jumatatu Jaribu alikwenda. Hakuwa na barua. Alimweleza Bwana Othman kila kitu, tangu mlangoni, jina la bibi, jina la mama, kidole. Yule mzee mpole hakupiga kelele, na ingekuwa bora angepiga.

"Jumamosi nilimuuliza mwenyewe, akakataa," akasema. "Leo unaniletea jina weye. Nitajuaje kama huu si mzaha wako wa pili? Mie ninachokiandika pale watu watakisoma miaka mia. Mlete mwenyewe, aseme kwa mdomo wake, nami nitaandika siku hiyo hiyo."

Jaribu alirudi Wambaa karibu ya kukimbia. Bi Mgeni alikuwa uani anachambua mbaazi.

"Twende, bibi. Amekubali. Ukisema tu, anaandika."

"Siendi."

"Kosa langu mimi! Nishamwambia ni kosa langu."

"Lako lako, langu langu." Hakunyanyua uso. "Yule bwana aliuliza kwa Kiswahili, Jaribu. Nilisikia neno kwa neno. Huyu anamjua? Na mama yuko pale ukutani ananiangalia, kainama kama nimemwita. Nikamkana. Nimemkana mamaangu mbele ya watu, macho kwa macho, na macho yenyewe mapya. Nirudi nikasimame mbele yake nimwambie nini?"

Alimbembeleza wiki tatu. Alimtuma Mwatum, alimtuma imamu. Bi Mgeni aliwakaribisha wote chai, akawasikiliza, akawaambia hapana.

Mwezi ulipokwisha Jaribu alikwenda Chake peke yake, akalipa kiingilio chake. Vibao vipya vilikuwa vimeshabandikwa, vizuri, vinang'ara. *Mchuma karafuu, Pemba. Jina halijulikani.* Mbele ya picha palikuwa na darasa zima la skuli na mwalimu wao, Bi Masika, na watoto wamefungua madaftari.

"Mwalimu, huyu nani?"

"Kibao kinasemaje? Halijulikani. Andikeni."

"Anaitwa Kazija," Jaribu akasema. "Kazija binti Ngwali. Kwao Wambaa."

Vichwa vya darasa zima vikageuka. Kutoka mlangoni Nyange akajipiga kofi la paja. "Mwalimu, usimsikilize huyo! Huyo ndiye aliyetuletea Mmanga wa uwongo hapa, tukampa na tende. Sasa kaja na mpya!"

Watoto wakaangua kicheko. Bi Masika naye kikamshinda, akajiziba na mtandio.

"Kazija binti Ngwali," Jaribu akarudia, pole pole, kama mtu anayeandikisha.

Wakazidi kucheka, na mwalimu, huku akijifuta machozi, akawaambia waendelee kuandika kama kibao kinavyosema.