Mkia wa Bibi Ikupa

Watoto wa chekechea walipomaliza uji, Mwalimu Tumpe alikusanya vikombe kwenye beseni, akafuta meza ambayo Isaka alikuwa ameimwagia, kisha akavuta kigoda chake karibu na dirisha. Ilikuwa saa nne asubuhi, Iyunga, Mbeya, siku ya kazi kama nyingine, na malori yalikuwa yakiunguruma barabara kuu.

"Hadithi ipo?" akauliza.

"Ipo!" watoto wakaitikia.

"Basi na ije."

Hadithi yenyewe aliirithi kwa mama yake, Kihesa, Iringa, enzi za chemli, wakichambua maharage. Ni ile ya kibibi mchawi mwenye mkia, anayewarubuni watoto kwa chakula kitamu, akawatia kikapuni na kuwafunika, mpaka siku wazazi walipomtoa mtoto wao kwa siri na kujaza nyuki humo. Mama hakuisimulia hata mara moja kabla jua halijazama. Hadithi ya mchana huotesha mkia, alisema. Tumpe aliamini kwamba hiyo ni mbinu ya wakubwa ya kuwafanya watoto wamalize kazi kwanza. Tena shule ni ya mchana, angefanyaje?

Siku hiyo mthibiti ubora wa elimu alikuwa ameketi nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu. Alikuwa ameshasema kwamba hadithi za kale ni hazina, ila zihamishiwe kwenye mazingira ya mtoto. Msitu? Mtoto wa Iyunga msitu kauona wapi? Kwa hiyo Tumpe alipofika pale mchawi anapoishi, alitupa jicho dirishani kutafuta mazingira, akayapata. Mchawi akawa anaishi kwenye kijumba chenye mlango wa buluu, kando ya reli, chini ya mparachichi, na chakula chake kitamu kikawa magimbi ya kuchemsha.

Watoto wote waligeuka, wakakitazama kijumba. Mthibiti akapiga makofi. Kengele ililia hadithi ikiwa haijafika kwenye nyuki, mwisho ukaachwa kiporo.

Mchana mwenye kijumba, Bibi Ikupa, alikuja shuleni na sufuria yake ya magimbi kichwani. Alisubiri mpaka mzazi wa mwisho alipoondoka na mtoto wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimeota mkia."

Akageuka ili aonekane vizuri. Ulikuwa mkia wa kiasi, wenye kishungi mwishoni, na ulikuwa ukiisukuma kanga kwa nyuma. Tumpe alimpa pole, akamletea benchi, lakini kwa hali ile benchi halikufaa kitu, wakazungumza wamesimama.

"Sisi tulikatazwa," Bibi Ikupa akasema. "Ukisimulia mchana, unaota mkia. Miaka yote hiyo nilijua anaota msimuliaji. Sikujua kama mkia nao unaweza kukosea nyumba."

"Haujakosea, bibi. Mimi ndiye niliyeuelekeza kwako."

"Basi uelekeze kwingine, mwanangu. Mimi ni mtu wa kukaa kwenye kigoda."

Tumpe aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa akinunua magimbi kwa bibi huyu tangu alipohamia Mbeya, na siku za baridi kali bibi alikuwa akimwongezea moja la kupashia mikono.

Mtaani mkia haukumshangaza mtu. Fundi cherehani alijitolea kupanua gauni. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Jailos, alisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, akaendelea na chai yake. Mama Anyitike, ambaye mwanawe alikuwa na homa tangu juma lililopita, sasa alijua homa ilitoka wapi. Watoto walianza kupita mbele ya mlango wa buluu wakikimbia, mikono kichwani, na mama zao walianza kupita ng'ambo ya reli. Hilo ndilo lililomuuma Bibi Ikupa kuliko mkia. Magimbi yalipoa sufuriani, na hakuna aliyemwambia shikamoo.

Kesho yake Tumpe alijaribu kuzoa maji yaliyomwagika.

"Kumbe yule bibi hakuwa mchawi," aliwaambia watoto. "Hata mkia hakuwa nao."

Dirishani alimwona Bibi Ikupa akijipapasa nyuma, akivuta kigoda, akiketi polepole na kunyoosha miguu juani. Tumpe alifurahi sana. Lakini Isaka alikuwa ameshasimama.

"Siyo hivyo, mwalimu! Jana alikuwa nao!"

"Alikuwa nao!" darasa likaitikia. "Mrefu!"

Bibi Ikupa akainuka kutoka kwenye kigoda. Hadithi haisimuliwi na mmoja. Anayeitikia naye ana sehemu yake, na siku hiyo waitikiaji walikuwa wengi.

Tangu hapo Tumpe aliukalia mwisho. Alifundisha nyimbo, kuhesabu vifuniko vya soda, na rangi zote isipokuwa buluu. Watoto waliuliza, "Nyuki lini, mwalimu?" naye akasema kesho. Kila mchana Bibi Ikupa alisimama mlangoni mwa darasa.

"Leo umewaambia?"

"Bado, bibi."

"Ndaga," bibi alishukuru kwa Kinyakyusa, wakagawana gimbi moja, chumvi kidogo, kila mtu akatafuna upande wake. Wote wawili walijua mwisho ule. Nyuki wanamfukuza mchawi mpaka mtoni, na mtoni anageuka jiwe.

Tatizo ni kwamba hata mtaa mzima uliujua. Isaka alipochoka kuambiwa kesho, alimuuliza babu yake. Babu alikuwa akipanda viazi, jua liko utosini, akamweleza huku akifukia. Isaka akawaeleza wenzake wakati wa mapumziko, nao wakaitikia.

Nyuki walishuka kutoka upande wa mlimani. Madereva wa malori walipandisha vioo, wakasubiri kundi livuke barabara, kisha wakaendelea na safari. Nyuki wakaingia kwa mlango wa buluu. Bibi Ikupa akatoka, kikapu mkononi, kanga ameifunga vizuri. Majirani walikuwa wamejipanga njiani na Mzee Jailos mbele yao. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyetukana. Walimpisha tu. Mama Anyitike alimvuta mwanawe kando. Mtoto alikuwa amepona siku nyingi na alikuwa akila andazi.

Katika hadithi mchawi hukimbia. Magoti ya Bibi Ikupa yalikataa, akatembea. Tumpe alimwachia darasa mwenzake, akamfuata, akamshika mkono. Nyuki hawakumgusa Tumpe, kwa kuwa hakuna aliyemtia kwenye hadithi.

"Ningemweka mchawi mbali," Tumpe akasema, akilia. "Ningesema anaishi Idodi huko, njia ya kwenda mbugani."

"Idodi nako kuna kibibi, mwanangu. Ana mlango wake, na kuna kitu anapika."

Walishuka taratibu kuelekea mtoni, bibi akiegemea bega lake.

"Usilie. Nimechoka kusimama," Bibi Ikupa akasema.

Aliketi majini. Jiwe lilianzia miguuni likapanda bila haraka, na mkia ukawa wa mwisho; uliwapunga nyuki mara moja, kisha nao ukatulia. Nyuki wakarudi mlimani. Tumpe akabaki na kikapu, na ndani yake mlikuwa na gimbi moja, bado la moto.

Jiwe limekuwa la manufaa. Akina mama hufulia hapo, wanasema halichubui nguo. Kijumba kina mpangaji, na mlango umepakwa rangi ya kahawia. Mthibiti hakusahau lile somo. Alilisifu katika semina, na sasa walimu wa chekechea Mbeya na Iringa wanalifundisha, kila mmoja akikumbushwa kutazama nje ya dirisha lake mwenyewe. Tumpe hasimulii tena. Darasani kwake pazia halifunguliwi, na mwalimu mkuu amelalamikia giza.

Jana, watoto wakiosha vikombe vya uji, mama yake alimpigia simu kutoka Kihesa. Anaishi peke yake siku hizi, anakaanga vitumbua barazani. Aliuliza habari za kazi, na mvua kama imeanza huko. Kisha akasema kwamba leo kiti kimemkataa, mwanangu, kila akikaa kuna kitu kinamsukuma.

Tumpe alikaa chini, akajipapasa mgongoni bila kujua kwa nini. Hakukuwa na kitu.

"Mama," akasema, "hapo karibu na kwako kuna shule ya watoto?"

"Ipo," mama akajibu. "Mpya. Madirisha yake yote yanatazama kwangu."