Kamba ya Robo Tatu

Niseme mapema: nilijua matofali ni mengi mno. Nina miaka arobaini nikijenga makuba ya udongo huku ng'ambo ya magharibi ya Aswan, bila mbao za kushikilia, kwa kamba tu, iliyofungwa kwenye kigingi cha katikati kupimia kila tofali, kama marehemu baba yangu alivyonifundisha. Kuba la kamba ya mita mbili linakula matofali elfu moja na mia tano. Hilo hata usingizini nakujibu.

Lakini binti yangu Ashri, anayesoma hesabu chuoni ng'ambo ya mto, alikaa na daftari akaniandikia elfu mbili mia tatu na hamsini. Nilimwomba mwenyewe, tena mbele ya jirani yangu Hamdun, kwa kujidai. Sasa ningefanyaje? Nimwambie amekosea, na Hamdun ametega masikio? Nikachanganya udongo wa mto na majani makavu, nikafyatua elfu mbili mia tatu na hamsini kamili, nikayaanika. Mgongo uliniuma wiki nzima. Mke wangu Dahiba alinikanda kwa mafuta huku akinicheka.

"We Sirri, hiyo ni sebule ya wageni au ngome?" Hamdun aliuliza.

"Nenda kalishe mbuzi wako!"

Kuba likafungika kileleni. Uani yakabaki matofali mia nane na hamsini, yamepangwa vizuri, yananitazama. Alhamisi Ashri alirudi kutoka chuoni, akayaona kabla hajavua viatu. Akayahesabu kwa kidole, safu kwa safu. Kisha akaketi juu yake na kulia.

Machozi ya mtoto huyu mimi siyawezi, na sitaki kujifanya nayaweza.

"Matofali tu hayo, mama. Yatapata kazi."

"Si matofali, Baba. Ni swali lilelile."

Ndipo akanieleza. Alikuwa ameanguka somo moja mara mbili, na mara zote mbili alikwama hapo hapo: namna ya kupima kipande kidogo kabisa cha kitu cha mviringo, ili ukijumlisha vipande vyote upate kitu kizima. Mtihani wa tatu ulikuwa baada ya siku kumi. Akianguka tena, anafukuzwa. Alikuwa ameficha habari hiyo mwaka mzima.

"Nilipiga hesabu ya kuba letu kama nilivyoandika kwenye mtihani," alisema. "Urefu wa kuzunguka chini, mara urefu wa kupanda hadi juu. Ona aibu hii. Nitakuambia ukweli, Baba, sitaki kurudi. Nitabaki nimsaidie Mama."

Nilitaka kufoka. Badala yake nikamshika mkono, nikamwingiza ndani ya kuba. Kigingi kilikuwa bado juu ya nguzo yake katikati, na kamba yangu imening'inia.

"Shika ncha. Zungusha kwenye safu ya kwanza, pale ukutani. Matofali mangapi?"

Akazunguka akihesabu. "Hamsini."

"Haya panda ngazi. Ile safu ya karibu na juu?"

Akapanda na kamba yake. "Tisa."

"Kamba umeibadilisha?"

"Kamba ni ileile."

"Sasa wewe daftarini umeipa kila safu hamsini. Umenitandikia mkeka wa pembe nne juu ya kichwa cha mviringo. Huko juu utajikunja tu, mwanangu, hauna pa kwenda!"

Akaiacha kamba ilegee, akanyoosha mkono wake kutoka kwenye safu ile ya juu hadi usawa wa nguzo ya katikati. Umbali haukufika hata urefu wa mkono mzima. Nikaona uso wake unabadilika.

"Kupanda kunafuata kamba," alisema polepole. "Lakini kuzunguka hakufuati kamba. Kunafuata umbali kutoka hapa hadi nguzoni. Ndiyo ile sini ya pembe niliyokuwa naisahau! Na unene wa tofali ni kamba ikirefushwa kidogo. Pande tatu tu, Baba: kwenda nje, kupanda, kuzunguka."

"Na ukuta wa kawaida?"

"Ukutani tofali halina matata, liko vilevile popote. Kwenye kisima cha mviringo, kadiri unavyotoka katikati, hatua ya kuzunguka inarefuka. Kwenye kuba inarefuka hivyo hivyo, halafu inafinywa tena kadiri unavyopanda."

Aliteremka, akachukua daftari, akaandika mpaka chai ya Dahiba ikapoa. Kisha akaja na kisu na kuikata kamba yangu. Kamba ya marehemu baba!

"Robo tatu," alisema. "Yale yaliyobaki yatajenga kuba la kamba hii, wala hutaongeza tofali. Yakitosha, naenda mtihani. Yakipungua, sirudi tena."

Nitasema uongo nikidai sikuogopa. Nilimwamini, lakini matofali huvunjika, mikono hukosea. Asubuhi iliyofuata, wakati amelala, nilikwenda nyuma ya zizi la mbuzi nikafyatua arobaini zaidi.

Tulijenga siku saba, juu ya kuta za ghala la mviringo lisilo na paa hapo uani. Yeye alishika kamba, mimi nililaza matofali. Safu zikawa fupi, zikawa fupi zaidi, na rundo uani likapungua pamoja nazo. Hamdun akaacha mizaha, akawa anatuletea udongo. Siku ya saba nilibana tofali la mwisho kileleni, nikatazama chini. Yalikuwa yamebaki tisa.

Dahiba akapiga vigelegele. Ashri akaja kufuta udongo kwenye ndevu zangu kwa kilemba changu mwenyewe. Siku tatu baadaye akavuka mto.

Majibu yalipotoka aliingia uani akikimbia, na nilijua amefaulu kabla hajafungua kinywa. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Tulipotulia, tumekaa kwenye kivuli cha kuba dogo, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Baba, yale arobaini nyuma ya zizi, ulifyatua lini?"

Damu ilinipanda usoni. "Uliyaona lini wewe?"

"Siku ya pili."

"Na ukanyamaza?"

"Na wewe je? Elfu mbili mia tatu na hamsini, siku ileile nilipoandika, ulijua. Ukavunja mgongo, ukanyamaza."

Nililia tu, mzee mzima, na yeye akaniegemea begani.

"Siku nyingine nikikosea niambie," alisema, "hata kama Hamdun yupo."

Nikamwahidi. Jioni hiyo tulichanganya udongo, tukayachukua yale arobaini na yale tisa, tukajenga kibaraza mlangoni pa kuba lake. Hapo ndipo ninapokaa kila Alhamisi kumngoja.