Mkono wa Mama Mkwe

Watu walianza kwa kucheka. Kwenye ukuta wa sebule, tulipotundika shuka jeupe ili mama mkwe wangu aonyeshwe sinema ya siku yake ya kuzaliwa, mkoba wake wa ngozi ulinyanyuka kitini na kutua mapajani. Picha ikabadilika: sherehe nyingine, gauni jingine, mkoba uleule, mkono uleule, kutoka kitini hadi mapajani. Mashemeji wakapiga makofi. Mwenyewe alicheka kuliko wote, keki imemjaa mdomoni.

"Jamani, nimekuwa kichekesho!" alisema.

Mimi nilisimama karibu na mlango, nikisubiri kicheko kife.

Kilikufa taratibu. Katikati ya vipande hivyo nilikuwa nimechomeka vingine. Fundi bomba anapita karibu na mkoba, haugusi. Anapita jirani, wanapita wageni ambao mama mkwe hata majina yao hayajui, na mkoba umejilalia kitini kama paka. Kisha anaingia kaka yangu, na mkono unatoka. Wote waliopita kabla yake walikuwa weupe kama mama mkwe. Kaka yangu na mimi ni weusi. Hapakuwa na haja ya maelezo.

Nilitaka aibike. Sitapamba maneno. Nilitaka aibike mbele ya watu wake, siku yake, akiwa na vazi lake zuri, na nilitaka niwe nimesimama mahali ambapo nitauona uso wake vizuri.

Kaka yangu ni daktari wa meno. Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha, akanishika mkono siku ya harusi yangu. Mara ya kwanza alipokuja kututembelea kwa mama mkwe, yule mama alisimama kumpokea. "Karibu sana, daktari, jisikie nyumbani," alimwambia, na wakati midomo ikisema hayo, mkono wake ulikwenda nyuma ukautafuta mkoba. Tabasamu halikutikisika. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi: uso haukuwa na habari na mkono.

Nilimwambia mume wangu. "Unakuza mambo," alinijibu. "Mama ni mtu mzima, anaogopa kusahau vitu vyake." Nikamwambia tena mwaka uliofuata, na mwingine. Jibu lilikuwa lilelile: nilikuwa nakuza mambo. Basi nikaacha kusema. Mume wangu hupenda kupiga video kila familia inapokutana, na akishapiga hazitazami tena. Nikazichukua zote. Nilikata na kuunga jioni baada ya jioni, nikiimba. Mume wangu alidhani namwandalia mama yake zawadi, na moyo ukamlainika.

Kipande cha mwisho nilikuwa nimekitazama mara nyingi kuliko vyote, lakini macho yangu yalikuwa kwa adui yangu tu. Wifi yangu ndiye aliyeona.

"Na mtoto," alisema kwa sauti ndogo. "Mtazameni mtoto."

Ubavuni mwa bibi yake alikaa binti yangu, wakati huo hata shule hajaanza, na kijikoba chake cha plastiki chenye maua. Mjomba wake aliingia mikono wazi. Mkono wa bibi ukatoka. Na mkono mdogo, wenye rangi yangu mimi, ukatoka vilevile, ukakivuta kijikoba, ukakikumbatia.

Shuka likabaki jeupe. Mama mkwe aliiweka sahani yake chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Uso niliousubiri miaka yote ulikuwa mbele yangu, na sikuweza kuutazama. Kaka yangu, aliyekuwa amekaa na wageni, alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta nje, anatafuta ufunguo wa gari.

"Ulidhani sijui?" aliniuliza. "Mimi ndiye ninayeingia sebuleni kwake, mdogo wangu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nikachagua kukaa mbali naye, nile, nicheke na mpwa wangu, niondoke. Niliweza. Sasa kila mtu mle ndani ananionea huruma."

"Nilifanya kwa ajili yako, kaka."

"Ulifanya kwa ajili yako. Kisasi chako umekilipia kwa uso wangu."

Hakukanyaga kwetu kwa muda mrefu.

Mama mkwe naye hakuonekana, hadi mchana mmoja alipobisha hodi, peke yake. Hakutaka chai. Alitaka kuitazama tena ile sinema. Nikamwekea.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Nilirudisha kwa raha zangu zote, nikimwona anavyozidi kujikunyata.

"Ningeapa kwenye kaburi la mume wangu," alisema mwishowe. "Ningeapa kwamba mimi si mtu wa hivyo. Mkono unakwenda wenyewe."

"Mkono una mwenyewe, mama."

Aliinamisha kichwa. Sikumbembeleza, nikaingia jikoni. Binti yangu alikuja akamkalia miguuni, na yule mama akamwambia kwamba bibi alimfanyia mjomba kitu kibaya, na kwamba yeye asikiige tena.

"Nani alikufundisha?" mtoto akauliza.

Nilikuwa jikoni, nikaacha kuosha vyombo. Bibi alimpakata mtoto. Kisha akasimulia kwamba alipokuwa mdogo, kila walipopita mitaa ya watu weusi, baba yake alipandisha vioo vya gari. Hakusema neno. Alipandisha tu, hata siku za joto kali, na wao watoto wakajua kwamba huko nje kuna kitu.

"Kulikuwa na nini?"

"Watu. Watu wanakwenda sokoni."

Tangu siku hiyo, akija kwangu aliutundika mkoba kwenye msumari wa mlangoni. Walipokuja wafanyakazi wenzangu, weusi kama mimi, niliutazama mkono wake bila haya. Bado ulitoka. Ulitoka, ukapapasa, ukakuta hewa, na yeye akautazama akiwa amekunja uso, kama mtu aliyemkuta panya mezani. Siku nyingine aliukalia mkono huo. Nilimwona anavyotaabika, na sitadanganya, nilifurahi. Ilichukua muda mrefu kabla sijaona kwamba mkono umetulia, na hata hapo sikumwambia.

Kisha akaniomba nimpeleke kwa kaka. Jino la nyuma lilikuwa limeoza. Daktari wake wa siku zote alikuwa jirani na nyumba yake, lakini mama mkwe alikataa kabisa kwenda kwake. "Nataka yeye," alisema. Nilimpigia kaka simu, akasema nimlete.

Nilikwenda na moyo mwepesi. Alale chali, kinywa wazi, chini ya taa, na juu yake uso ule aliouogopa. Nilikaa kwenye chumba cha kusubiri, masikio yamesimama, nikingoja ukelele. Nilisikia mashine tu, kisha sauti ya kaka, maneno sikuyapata, kisha sauti yake yeye, nzito kwa pamba, ikijibu kwa kirefu.

Alitoka shavu limevimba, akanipita, akaenda garini. Kaka alifuata akivua glavu.

"Umemsamehe?" nilimuuliza.

"Nimemng'oa jino."

"Ulimdunga ganzi lakini?"

Alinitazama kama ananipima. "Mara mbili. Alikuwa anatetemeka."

"Anakuogopa wewe?"

"Anaogopa sindano." Akazitupa glavu. "Au ndivyo nilivyoamua kuamini. Nenda, anakusubiri."

Mama mkwe alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiti, amefumba macho, mate yanamtoka pembeni ya mdomo bila yeye kujua. Maneno niliyotaka kumwambia nilikuwa nayo yote, makali vilevile, na safari ya kwenda kwake ilikuwa ndefu. Nikawasha gari.

"Funga mkanda, mama," nikamwambia.