Sauti Iliyosafishwa

Seremala alivaa suti yake moja ya harusi na misiba, akamburuta binti yake mpaka jumba la sinema. Filamu aliyoicheza marehemu mkewe enzi za uchumba wao, ambayo watu walishaikatia tamaa, ilipatikana imetupwa ghalani, ikakarabatiwa, na leo inaonyeshwa upya.

Wengine walifuata picha. Yeye alifuata sauti. Binti yake ana sauti nzito ya kukwaruza, na shuleni walimbandika jina la Chura, likamganda mpaka ukubwani. Harusini haimbi, simu hapokei. Baba hakuchoka kumwambia, "Hiyo ni sauti ya mama yako kabisa. Niliipenda kabla sijamwona sura." Mama alifariki mtoto hajaota hata jino. Leo basi angejisikilizia mwenyewe.

Taa zikazimwa. Mama akatokea, kijana, mzuri ajabu, na seremala akasahau kuhema. Kisha mama akafungua kinywa, ikatoka sauti laini, nyororo, kama ya mtangazaji wa redio.

Seremala alidhani masikio yanamchezea. Akangoja. Laini vilevile, mpaka mwisho.

Binti alitangulia nje. Seremala alimwendea fundi wa sauti, kijana mchangamfu ambaye bado alikuwa akipongezwa.

"Yule mama alitutoa jasho, mzee! Sauti yake ilijaa mikwaruzo mwanzo hadi mwisho. Tumeiondoa yote."

"Na wenzake je, walikuwa na mikwaruzo?"

Kijana akafikiri. "Hapana. Yeye tu." Tabasamu likamwisha taratibu.

"Ule ukanda wa zamani uko wapi?"

"Ulikuwa umeoza, ukakatikakatika tulipokuwa tunaunakili. Na nakala yenyewe ndiyo hiyo tuliyoisafisha. Samahani sana, mzee."

Seremala akageuka, akatoka nje. Alimkuta binti yake mlangoni anafuta machozi.

"Mama alikuwa mzuri, Baba. Na ile sauti yake!"

"Si yake ile, mwanangu. Wameisafisha, walidhani ni kasoro ya ukanda. Sauti yako ndiyo yake."

Binti alimtazama kwa upole, akamwekea sawa kola ya suti. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma seremala kuliko yote.

"Asante, Baba," alisema, kwa sauti ileile ya mkewe. "Lakini nimeshakuwa mtu mzima. Huna haja ya kunibembeleza tena."