Miaka Kwenye Benchi la Fardowsa

Jumanne moja, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Kevina alikuwa akipangusa kaunta ya mapokezi kwa kitambaa chenye maji ya limau meneja alipofika na kioo. Kilikuwa kioo kidogo cha mezani, cha fremu nyekundu. Bwana Constantine alikiweka kati ya simu na kitabu cha wageni, akakigeuza kimwelekee Kevina, kisha akakohoa.

"Ijumaa ya wiki ijayo mpiga picha anakuja," alisema. "Tunatengeneza vitambulisho vipya. Mapokezi ndiyo uso wa hoteli, Kevina, na uso wenyewe umechoka. Usipobadilika, nitakuhamishia kufulia."

Kevina alisema sawa, bosi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Masaka, Uganda, na mwaka wa kumi na tatu huo alikuwa akiwapa wageni funguo katika hoteli ileile kando ya mto, mjini Juba. Mshahara wa mapokezi ndio uliomweka mwanawe Jonah shule ya bweni kule nyumbani, na wa kufulia ulikuwa nusu yake. Bwana Constantine mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane, na chini ya macho yake kulikuwa na vifuko viwili ambavyo ungeweza kubebea sukari. Hakuna aliyewahi kumletea kioo.

Jioni hiyo Kevina alipita mtaa wa Nyakuron, kwenye duka la vipodozi la Fardowsa, Msomali aliyetoka Garissa miaka mingi iliyopita akiwa na mabegi mawili na maneno mengi. Fardowsa alimuuzia krimu ya retinoli, dawa ya kuondoa mikunjo, ndani ya kopo dogo kama kizibo. Karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa lugha ambayo Nyakuron nzima hakuna aliyeijua. Kevina akapaka usiku, akapaka na asubuhi, kwa kuwa mwenye haraka hupaka mara mbili, kisha akatembea hadi kazini kwenye jua la Juba, jua ambalo halina simile na mtu. Kufika Jumatatu uso wake ulikuwa unabambuka kama kiazi kilichochemshwa. Akarudi dukani amejifunika kitenge mpaka puani.

"Mama Nuradin, uone!" alimwambia Fardowsa, akifunua. "Wewe mbona uso yako iko laini hivi? Wewe napaka gani?"

Fardowsa alikuwa na miaka sitini na ngozi ya mtu wa arobaini.

"Mimi?" alisema. "Walahi mimi sipaki hii kitu. Mimi napaka mafuta ya simsim, kama mama yangu. Hii ni ya kuuza."

Kevina alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia, akacheka mpaka ngozi ikamuuma. Fardowsa aliona haya. Akamrudishia pesa yake yote bila kuombwa, jambo ambalo watu wa Nyakuron walilisimulia kwa mshangao hadi wiki iliyofuata. Kisha akamshika mkono, akampeleka kwa Achan, aliyekuwa ameketi barazani.

Achan alikuwa mama wa Kiacholi aliyeuza mafuta ya lulu kwenye chupa za maji zilizotumika. Lulu ni kokwa za mti wa shea. Mama yake na shangazi zake walizikaanga, wakazisaga na kuzichemsha kijijini kwao upande wa Magwi, na yeye alikuwa amekalia benchi la Fardowsa mwaka wa tatu sasa bila kulipia, kwa sababu Fardowsa alisema mtu mwenye mafuta hafukuzwi. Kiswahili chake alikipata kambini Uganda. Alimkalisha Kevina, akamimina mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yakapata joto.

"Kwanza tunashukuru," alisema. "Sisi napaka mtoto siku anazaliwa. Kwa hiyo lazima utaje ile mtu ilikupaka mara ya kwanza. Nani?"

"Mama."

"Iko ama ilienda?"

"Ilienda," alisema Kevina.

"Kwes, vizuri. Marehemu mama, shukran," alisema Achan, akaanza kumpaka.

Mafuta yaliingia kwenye ngozi iliyoungua kama maji kwenye ardhi ya Machi. Kevina alifumba macho. Mwaka wa kwanza kutoka ulikuwa 2013. Ulipitia kwenye kona ya jicho la kushoto, ukashuka kwenye bega lake, ukaketi benchini na kunyoosha miguu. Ulifanana na Kevina mwenyewe alivyokuwa wakati huo, ila ulikuwa na vumbi. Ukafuata 2016, umevaa ndala moja na kukumbatia funguo thelathini na moja za vyumba, kwa kuwa Julai ile, mapigano yalipoanza mjini na meneja akapanda ndege, ni Kevina aliyelala chini ya kaunta usiku nne akizilinda. Ulitoka 2018, mwaka ambao baba Jonah aliaga kwamba anakwenda kununua vocha. Mwisho ulitoka 2020, kwenye mkunjo mrefu wa kando ya mdomo. Ulikuwa umevaa barakoa. Ukaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi, mita moja na nusu kutoka kwa wenzake.

"Wanakunywa chai?" aliuliza Fardowsa.

"Ile ilikuja na ndala moja, weka sukari mingi," alisema Achan.

Kevina alitazama kioo cha dukani. Uso ulikuwa umepoa, umejaa, unang'aa, uso wa mwanamke wa miaka thelathini. Alimshukuru Achan kwa mikono miwili. Aliishukuru na miaka, ambayo ilikuwa ikipuliza chai. Achan alimwambia mafuta yangemkaa hadi Ijumaa jioni, ndipo arudi. Miaka ilibaki hapohapo barazani. Haikuwa na usumbufu. 2018 ulimsaidia Fardowsa kupanga sabuni, na waumini waliopita kwenda kuswali magharibi waliitolea salamu, nayo ikaitikia.

Jumatano Bwana Constantine alimtazama Kevina, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuondoa kile kioo. Kazi ilikwenda vizuri, ila umeme ulipokatika Kevina hakukumbuka ufunguo wa akiba wa jenereta unakaa wapi, na mgeni wa zamani aliyemwita "dada yangu wa vita" yeye alimwona kama mgeni mpya. Kevina hakujali. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu, na furaha hiyo ilimpeleka sokoni Konyo Konyo, akanunua kitambaa cha gomesi, vazi la heshima la akina mama wa Uganda, cha kijani chenye maua ya dhahabu. Akampigia dada yake Masaka.

"Mirembe, nimenunulia Mama gomesi. Naituma na basi ya kesho. Mwambie asianze kusema ni ghali."

Mirembe alimwomba arudie, naye akarudia.

"Kevina," alisema Mirembe taratibu, "wewe umechoka. Kula, ulale. Tutaongea."

Kevina alishangaa dada yake anavyozeeka vibaya. Basi la kesho yake lilikuwa limejaa, kwa hiyo kitambaa kikabaki kwenye mkoba.

Ijumaa mpiga picha alikuja. Kevina alitabasamu mara moja tu, ikatosha. Bwana Constantine alisema picha ile ndiyo bora kuliko zote, akaagiza ichapishwe kubwa. Jioni Kevina alikwenda Nyakuron na nusu kilo ya sukari kwa ajili ya miaka, akaketi mbele ya Achan ili apakwe tena.

"Nani ilikupaka mara ya kwanza?" aliuliza Achan.

"Mama."

"Iko ama ilienda?"

"Iko Masaka," alisema Kevina. "Nimemnunulia hata nguo."

Joto siku hiyo lilikuwa la kuyeyusha mshumaa uliozimwa. Hata hivyo mafuta yaligandia kiganjani mwa Achan, yakawa meupe na magumu kama sabuni. Achan aliyatazama, akayarudisha kwenye chupa kwa kijiti.

"Malesh, pole mama," alisema. "Mafuta inakataa. Ile mtu haiko."

"Haiko wapi?"

Achan aliweka chupa chini. Aligeukia benchi. Wa 2013 ukatazama chini, wa 2016 ukachezea funguo. Hapo 2020 uliinuka, ukaja mpaka karibu, karibu kabisa, ukavua barakoa.

"Ni Mei," ulisema. "Mpaka umefungwa. Mirembe amepiga simu, ameweka simu kwenye sikio la Mama. Wewe umesimama kaunta, na kuna mgeni anagonga kwa kalamu, anataka ufunguo wa kumi na mbili."

Kevina aliusogelea mwaka huo.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Usilie mbele ya watu wa kazi, Kevina. Mimi nilikupaka vizuri. Huwezi kukauka.' Halafu Mirembe akachukua simu. Wewe ukampa mgeni ufunguo wake."

Kevina alilia, safari hii mbele ya watu. Alilia kwa yowe, kama wanavyolia kwao msibani, na Fardowsa akafunga duka kwa heshima ingawa wateja wawili walikuwa ndani. Kilikuwa kilio cha miaka mitano iliyopita, na kilikuwa kimemsubiri kwa adabu. Kilipokwisha, alijipangusa kwa kile kitambaa cha gomesi.

"Nawataka," alisema. "Nirudishie."

"Ukirudisha moja, yote inarudi," alisema Achan. "Hiyo iko familia. Na kazi yako?"

Kevina alifikiri juu ya kazi. Alimfikiria Jonah na sanduku lake la bweni. Aliyapima yote hayo vizuri, kwa maana hakuwa mjinga, na moyo ulimuuma. Kisha akajiuliza kama kuna mtu mwingine duniani aliyeambiwa yale maneno na mama yake, akajijibu mwenyewe kwamba hakuna, ni huo mwaka peke yake uliokuwa na sikio kwenye simu.

"Marehemu mama," alisema, "nashukuru kwa kunipaka."

Mafuta yaliyeyuka kwenye chupa. Achan alimpaka, na miaka ikarudi mmoja mmoja kwa njia zilezile: 2013, kisha 2016 na funguo zake, kisha 2018 ulioacha sabuni zimepangwa vizuri. Wa 2020 ulirudi wa mwisho, na Kevina akahisi mkunjo wa kando ya mdomo ukijikunja taratibu, kama mtoto anayejiweka sawa mgongoni. Ngozi yake ilibaki laini, haikubambuka tena hadi leo. Ila ilikuwa ngozi ya miaka arobaini na minne.

Jumamosi mlinzi wa lango alilinganisha kitambulisho na uso, akaomba radhi, akamwita meneja. Bwana Constantine alimsikiliza Kevina mpaka mwisho. Hakubisha kwamba miaka hutoka. Alisema tu kwamba hayo ni mambo ya nyumbani kwake. Shukrani ya punda ni mateke, na mwanamke aliyelinda funguo thelathini na moja akahamishiwa kufulia siku hiyohiyo. Jonah aliacha bweni, sasa anatembea kwenda shule kutoka kwa Mirembe, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Picha ile kubwa ilitundikwa mapokezi. Wageni huisalimia, na mwezi uliofuata ilichaguliwa mfanyakazi bora. Aliyekaa chini yake ni binti wa miaka ishirini na miwili, na kile kioo chekundu kimerudishwa mezani.

Kila jioni Kevina hupita barazani kwa Fardowsa, mikono ikinuka pasi na sabuni. Achan humpaka, na miaka hutoka kupumzisha miguu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kevina ndiye sasa anayewatilia sukari. Kitambaa cha gomesi kilishonwa, na 2020 ndio hukivaa. Siku hizi hukaa katikati ya benchi.

Juzi Bwana Constantine mwenyewe alikuja dukani kumnunulia mkewe krimu. Alitoa salamu kwa wote barazani, akasita mbele ya 2016.

"Samahani," alisema. "Ufunguo wa akiba wa jenereta unakaa wapi?"

"Nyuma ya picha ya mto, msumari wa chini," ulijibu mwaka, kwa sababu ulilelewa vizuri.

"Asante sana," alisema Bwana Constantine. Akayaandika hayo kwenye karatasi, akalipia krimu yake, akaondoka.

Adhana ilipokaribia, Kevina alikusanya vikombe, akawaambia twendeni. Waliingia mmoja mmoja. Wa 2020 ulisimama kwanza, ukainua pindo la gomesi lisiburuze.

"Asante kwa kutubeba," ulisema.

"Asante ninyi kwa kuja," alisema Kevina, akainamisha uso uliojaa mafuta ili mwaka upite bila kuinama.