Aliyejaliwa Usingizi

Vita vilipotutupa kambini Lushebere, hakuna aliyelala vizuri isipokuwa jirani yangu Papa Mbusa. Mzee alikoroma mpaka turubai likatikisika, nasi tuliokesha tukisikiliza risasi tulimwonea wivu. Mkewe, Mama Mbambu, alijigamba hadharani: "Yeye Mungu alimupatia usingizi. Nyinyi aliwapatia masikio."

Wajinga tulikuwa wengi. Mchana mzee alisinzia kijiko kikiwa mkononi. Yeye aliyekuwa na duka Nyabiondo, akimjua kila mteja na ukoo wake, sasa alisahau hata majina yetu. Tukasema ni mawazo ya vita. Siku zile vita vilibeba lawama zote, hata zisizo zake.

Kisha mwanawe Archange akauawa njia ya Walikale, akipeleka bidhaa. Kwenye matanga, sisi tukiimba, baba mtu alilala kitini. Shangazi mmoja alitaka kumwamsha, Mama Mbambu akamkatalia: "Mumuache, apumuzike." Alipozinduka hakujua tunamlilia nani. Tangu hapo kila asubuhi alimuulizia mwanawe, na mkewe akajibu kwamba yuko Walikale, atarudi kesho. Jibu lilimtosha, maana kesho yake alikuwa amelisahau.

Mwishowe binti yao Kétsia akampeleka kwa daktari mjini Goma. Maneno ya daktari yalimkata maini Mama Mbambu: mzee hakuwa akilala. Usiku kucha koo lilikuwa likiziba, pumzi ikikatika, ubongo ukikosa hewa na kushtuka tena na tena. Kukoroma kule kulikuwa kuhangaika kwa mtu anayetafuta pumzi, na hali hiyo ilikuwa imemla akili kwa miaka. Akapewa mashini ya kumsukumia hewa puani kwa maski, inayotumia batri ya jua. Lakini daktari hakuahidi kwamba yaliyopotea yatarudi.

Waliporudi, mzee akaacha kusinzia. Akaanza hata kunitania kwamba maharage yangu yanaivishwa kwa maombi. Mama Mbambu alicheka kama bibi harusi, na mimi nilifurahi naye kweli.

Asubuhi moja tulikuwa watatu, tukichambua maharage hayohayo.

"Mama Archange, mutoto iko wapi?"

"Alienda Walikale. Atarudia kesho."

Mzee akamkazia macho. "Hata jana ulisema kesho. Na juzi vilevile."

Mama Mbambu akanigeukia, kana kwamba ningeweza kumwokoa. Mimi nikainamia ungo wangu, mwoga mkubwa.

"Alikufa, Papa Archange," akasema. "Tulishamuzika."

"Mulimuzika? Na mie nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa palepale. Ulikuwa unalala."

Mzee aliziangalia punje zilizokuwa mkononi mwake, akazirudisha kwenye ungo. Machozi yalikuwa yakimtoka, ya kwanza kwa mwanawe.

"Sasa mbona hamukuniamusha?"

"Tulizani unapumuzika," mkewe akamjibu. Ulikuwa ukweli mtupu, na haukumsaidia mtu.