Ukuta wa Wexley

Mume wangu Lowell ana wake wawili: mimi na Chuo cha Wexley. Mke mdogo ni mimi. Kila mwaka majani yakianza kuanguka, waliosoma pale hurudi, huvaa kijani mpaka soksi, huchoma soseji kwenye maegesho ya uwanja wa mpira, huimba na kukumbatiana. Mimi ambaye sikusoma pale hugeuza soseji.

Safari hii chuo kilizindua ukuta wa kuhifadhia majivu ya wahitimu wake wakishakufa na kuchomwa. Ndiyo, hata kifo hakiwatenganishi! Lowell akanivuta mkono, uso umemchanua kama bwana harusi, akanionyesha kijumba chake ukutani, jina limeshachongwa. Kiko safu ya juu, katikati ya wenzake wa darasa.

"Na huyu jirani yako ni nani?" nikamuuliza.

Akakohoa. "Marlys."

Marlys! Mpenzi wake wa chuoni, ambaye mpaka leo humwita "Lowie" mbele yangu bila haya.

"Na mimi je, mzee? Nitawekwa wapi?"

"Hiki ni cha mtu mmoja, Verna. Si wewe kila mwaka unasema hata ukifa usiletwe hapa?"

"Nasema kwa hasira! Mke akisema hivyo hubembelezwa! Nimekufulia soksi hizo za kijani ujana wangu wote, halafu ukalale na Marlys milele? Thubutu!"

Marlys, aliyekuwa karibu, akacheka. "Jamani Verna, si tutakuwa majivu tu?"

"Hata majivu huficha moto, dada."

Nikamfuata msichana wa ofisini. Akasema vijumba vya watu wawili vimebaki upande wa nyuma tu, chini kabisa, katikati ya wahitimu wa juzijuzi ambao Lowell hamjui hata mmoja.

"Haya, chagua," nikamwambia Lowell. "Juu na wao, au chini na mimi." Nikaenda kumngoja garini.

Alikawia. Aliporudi akafunga mkanda, akawasha gari. "Nimechukua cha chini," alisema. "Cha wawili."

Nusura nipige vigelegele. Lakini njia nzima machozi yalimtiririka Lowell, wala hakuyafuta, na tangu anioe sijamwona akilia hivyo kwa ajili yangu.